Ukungu wa Jicho la Kushoto

Ukungu ulimjia Orpa katika mwezi ambao hata umande ulikuwa umesahau njia ya Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Alitoka nje asubuhi na beseni la maji ya kuoshea vyombo, akayamwaga kwenye mashina ya maboga yaliyokauka, akainua uso, na upande wa kushoto wa dunia ulikuwa mweupe. Upande wa kulia kila kitu kilikuwa kama jana: mabati, vumbi, mbuzi wa jirani akitafuna katoni, jua likipanda nyuma ya vilima vilivyonyolewa miti. Upande wa kushoto, ukungu. Ulikuwa umelala chini chini, laini, ukipanda polepole kama maziwa yanayokaribia kuchemka.

Alifunika jicho la kulia kwa kiganja. Nakivale yote ikaondoka.

Alibaki amesimama hivyo, beseni kiunoni, mpaka Pascasie akamwona kutoka uani kwake. Pascasie, au Mama Élyse, alikuwa Mrundi, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele ya kanisa, na hakuwa mtu wa kuacha jambo likapita bila kulisemesha.

"We jirani, unampigia nani saluti?"

"Niko naangalia kwetu," Orpa akajibu.

"Kwenu ni Kongo. Huko unakoangalia ni choo changu."

Orpa hakukasirika. Hakugeuka hata. Alikuwa anaona njia ya viazi ikipanda mlimani, na pembeni yake migomba pori, na mbele kidogo njia ikipotea kwenye weupe kama inavyopaswa kupotea.

Yeye alizaliwa juu, kule ambako milima ya Uvira inapanda mpaka mtu anayeongea huku anatembea lazima achague moja. Kwao ukungu ulikuwa mwenyeji. Ulikuja kabla ya jogoo, ukanywesha viazi na maharagwe hata siku ambazo mvua haikukumbuka, ukaondoka saa za watu kwenda sokoni. Ndani yake mtu hakutembea kimya. Wa nyuma aliuliza, "Uko?" na wa mbele akajibu, "Niko." Mke na mume walionuniana tangu jana walilazimika kuitana hivyo njia nzima, na wakifika shambani wanakuta hasira imebaki kwenye kona fulani ya mlima. Anatole, mume wake, alikuwa na "niko" nzito, ya kutoka tumboni. Homa ilimchukua mwaka wa pili wa ukimbizi, huku chini kwenye joto na mbu, na tangu hapo Orpa hakuwa na mtu wa kumuuliza kama yuko.

Basi asubuhi ile, akiwa amefunika jicho, aliuliza kwa sauti ndogo, "Uko?"

"Niko, ninaenda wapi?" Pascasie akajibu kutoka upande wa choo.

Jicho lenyewe lilikuwa na historia. Mvua za msimu ule zilichanganyikiwa. Wakati wa kupanda, jua lilikaa angani kama mgeni asiyejua kuaga. Mahindi yakaota kwa taabu, yakabeba kwa taabu, na siku watu walipoanza kuvunja ndipo mvua ikaja, ikayanyeshea mashambani, ikayafuata hadi kwenye maturubai. Wazee wa Nakivale walisema ni kwa sababu mafunjo ya kando ya ziwa yamekatwa na kuchomwa, watu wapate fasi ya kulima, na miti nayo imekwisha kwa makaa. Wengine waliosikiliza redio walisema ni dunia nzima ina homa. Orpa hakubishana na upande wowote. Aliingiza mahindi yake ndani yakiwa bado na maji, akayasindilia magunia, na jua liliporudi akayatoa, akayapiga kwa fimbo. Ganda likaruka, likamchoma jicho la kushoto.

Pascasie alikuja na dawa ya kwao, majani machungu ya mubirizi, akayapondaponda na kumkamulia humo humo jichoni. Iliwaka kama pilipili.

"Ikiwaka ndiyo inafanya kazi," Pascasie alisema.

"Na ikinipofusha?"

"Itakuwa imefanya kazi kupita kiasi."

Walicheka. Jicho likawa jekundu, likawa linatiririka machozi, likaanza kuogopa mwanga kama mwizi. Halafu ukungu ndio ukaja.

Pascasie hakuupenda ukungu huo. Alimshika mkono jirani yake, akampeleka kliniki, na kliniki wakamwandikia aende Mbarara kwenye hospitali ya macho. Wakapanda gari pamoja. Barabara ilipinda kati ya vilima vya Isingiro, migomba ikishuka huku na huku, majani yake yamekunjamana kwa kiu. Orpa alikuwa amefumba jicho la kulia, na katika lile la kushoto vilima vilipanda, vikapanda zaidi, vikawa vile vingine.

"Unalala?" Pascasie aliuliza.

"Hapana. Niko natembea."

Walipovuka mto Rwizi Pascasie alimwambia mto umekuwa mwembamba, rangi ya chai ya maziwa, na watu wanachimba mchanga pale ambapo zamani kulikuwa maji. Orpa aliitikia kwa kichwa. Yeye alisikia maporomoko.

Hospitalini walikaa kwenye benchi refu na watu waliofungwa vitambaa. Daktari alikuwa kijana mrefu wa maneno machache. Alimwinamisha Orpa kwenye mashine, akamwangaza taa, akamkwangua jicho kidogo baada ya kulitia ganzi, akaenda, akarudi, akasema jambo kwa Kinyankore. Muuguzi ndiye aliyelileta kwa Kiswahili. Jina lake Kyarisiima, binti wa sajini, amezaliwa na kukulia kwenye kambi ya jeshi ya Makenke, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi, kila neno limesimama wima.

"Nyabo, sikia. Daktari nasema jicho yako iko na ukungu."

Orpa alishika ukingo wa kiti. "Ukungu?"

"Ndiyo. Nayeye naona na mashine. Ukungu kabisa. Naingia ndani."

Hapo moyo wa Orpa ulifunguka kama dirisha. Alikuwa ameanza kuogopa kwamba ni wazimu, kwamba upweke umempanda kichwani. Kumbe hata mashine imeuona. Mtu aliyesoma, mwenye koti jeupe, ameinama na kuchungulia, na humo ndani ameukuta ukungu wa kwao.

"Na hii dawa," aliuliza, akiigeuza chupa ndogo aliyopewa, "inafanya nini?"

"Naua ukungu. Weka moja moja, kila saa, hata kama nachoka. Hapana sahau. Na hapana weka majani ingine."

"Inaua?"

"Naua kabisa. Tena wewe nalala hapa wodi, sisi naangalia."

Orpa alisema nyumbani kuna kuku, kuna mahindi nje, hawezi kulala. Kyarisiima alimwomba, akamkemea, akamwomba tena. Mwishoni alimfanya aape kwamba atatia dawa na atarudi upesi. Orpa aliapa. Kisha akaifunga ile chupa kwenye pindo la kitenge, mafundo mawili.

Sasa nani angemlaumu? Kwao Orpa, kile kinachoota kwenye mkate na kwenye mahindi yaliyolala maji kinaitwa kuvu. Ukungu ni mmoja tu, ule wa mlima. Kumwambia mama wa mlimani kwamba utaua ukungu ni kama kumwambia mvuvi kwamba utamkaushia ziwa kwa wema.

Siku zilizofuata zilikuwa siku za ajabu yake. Alifanya kazi zake kwa jicho la kulia na kuishi kwa lile la kushoto. Akienda ziwani kuteka maji, jicho moja lilimwonyesha ziwa lilivyorudi nyuma likaacha matope yaliyopasuka vipande kama sahani, na yangeyange wakitembea juu yake wakiokota kilichobaki. Alifumba jicho hilo. Ndipo mianzi ikasimama pande zote, mirefu, inatoa maji kwenye ncha za majani, na chini yake udongo mweusi unaofyonza nyayo. Machozi yaliyomtiririka aliyaita umande. Kuuma kuliuma, ndiyo, kama kuumwa na baridi ya alfajiri, na alipojaribu kulala maumivu yalikuwa yanabisha ndani ya fuvu kama mgeni aliyechelewa. Alijifunga kitambaa akavumilia. Mtu akirudishiwa nyumbani kwake hawezi kulalamika kwamba mlango una miba.

"Umetia dawa?" Pascasie aliuliza kila alipopita.

"Nimetia."

"Mbona halipoi?"

"Linapoa polepole. Mimi si gari."

Halafu Nestor akatuma sauti kwenye simu. Nestor alikuwa mdogo wake, aliyekataa kukimbia, aliyebaki kule juu na viazi vyake. Orpa aliisikiliza akiwa amekaa kwenye kizingiti, simu imebanwa sikioni.

"Dada Orpa, huku joto imepanda. Ukungu haiko tena. Ule musitu ya juu balikata yote, ba makaa na ba mbao, kumebaki mawe. Asubuhi jua inatoka moja kwa moja inakupiga mu uso. Na mbu, dada, banapanda mpaka ku kwetu, fasi hatukuzoeaka hata kulala mu moustiquaire ya kuzuia mbu. Batoto banatetemeka homa nyumba kwa nyumba. Tulimuzika mutoto wa Constance juzi. Ile ginsi ulituachaka, si ile ginsi tuko."

Orpa aliirudia sauti hiyo mpaka simu ikazimika kwa kukosa moto. Homa iliyomuua Anatole huku bondeni sasa imejifunza kupanda mlima. Alimkumbuka Constance, jirani wa kule juu, alivyokuwa akicheka ameziba mdomo. Akamlilia mtoto ambaye hakuwahi kumwona. Kisha, machozi yakiwa bado yanashuka pande zote mbili, wazo likamjia, na lilikuja kama linavyokuja mambo ya ndotoni, bila kupiga hodi. Kama kule ukungu umekwisha, basi haukufa. Umekimbia. Umetafuta watu wa kwao, ukatembea, ukavuka mipaka, ukamkuta yeye, ukaomba fasi ya kulala, na yeye alikuwa nayo, ndogo, ya mviringo. Ni mkimbizi kama yeye. Nani anamtilia mkimbizi sumu?

Chupa ikabaki kwenye fundo lake.

Ndani ya jicho, weupe uliongezeka. Migomba pori ikapotea, kisha mianzi. Orpa alijiambia ni msimu wake, ukungu mzito unakuja kabla ya kupanda viazi.

Siku ya soko alibeba mahindi yake hadi sokoni Base Camp. Gunia lilipakiwa kwenye baiskeli, Pascasie akasukuma kutoka nyuma kwa sababu mwenzake alikuwa anapotea kila njia ilipopinda kushoto. Mnunuzi alikuwa Byaruhanga, mtu wa Mbarara mwenye lori na kofia ya sufu hata kwenye jua, ambaye wanawake walimpenda kwa kuwa alitania kila mtu sawasawa. Alizamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kwapa, akautoa, akaunusa. Utani ukamtoka usoni.

"Maama, hii mimi hapana beba."

"Juu ya nini, papa? Mahindi haina mududu hata moja."

"Mududu nakimbia. Hii kasoli iko na ukungu."

Orpa alitabasamu. Alidhani ametaniwa. "Ukungu inaingia mu mahindi namna gani? Mahindi ni mulima?"

Wanawake wawili watatu wakacheka. Byaruhanga hakucheka. Alichomoa gunzi lililobaki na punje zake, akalivunja kwa goti, akamwekea mbele ya uso. "Angalia. Hii hapa. Hii ndiyo ukungu."

Kwa jicho la kulia Orpa aliangalia. Katikati ya punje kulikuwa na manyoya mepesi, ya kijivu yanayoelekea kijani, yamelala laini, yanaonekana kama yanapumua. Byaruhanga alipuliza. Manyoya yakainuka kama moshi mdogo, yakasambaa hewani, yakashuka.

"Mvua nakuja wakati ya kuvuna, basi," mnunuzi alikuwa anaeleza, kwa Orpa na kwa foleni nzima. "Zamani hapana hivi. Sasa ukungu nalala ndani, nakula pole pole. Wewe naona nje ni nyeupe, nzuri. Ndani nakwisha. Mutu nakula hii, maini naharibika. Hata kuku hapana patia. Choma."

"Kule kwetu hii ni kuvu," Orpa alisema.

"Kuvu, ukungu, yote moja. Naua."

Alibaki akilitazama gunzi. Sauti za soko zilikwenda mbali, kama watu wanaoongea ng'ambo ya bonde.

"Papa," akauliza taratibu, "na ikiingia mu jicho ya mutu?"

"Jicho? Nani naweka kasoli kwa jicho?"

"Iliruka. Nilikuwa napiga mahindi."

Byaruhanga alimtazama sawasawa kwa mara ya kwanza, akaona kitambaa, akaona maji yanayotoka chini yake. Alivua kofia yake. "Maama," alisema, "wewe hapana simama hapa na mimi."

Pascasie alikuwa ameyasikia yote. Alimvuta Orpa hadi nyuma ya vibanda, kwenye kivuli cha ukuta, akamwambia alete dawa, anaitia sasa hivi, kwa mkono wake. Orpa alifungua pindo la kitenge. Fundo la kwanza, la pili. Pascasie akaishika chupa, akaigeuza. Utepe wa kifuniko ulikuwa mzima.

Watu waliomjua Pascasie wangekwambia kwamba hata misa ya wafu haikuwahi kumnyamazisha. Pale alinyamaza. Orpa angependa atukanwe.

"Sema basi, Mama Élyse."

"Niseme nini. Mimi nilikuwa najiuliza siku zote kama ni majani yangu yaliyokuharibu. Nilikuwa nasali rozari juu yako. Kumbe wewe unaufuga."

"Nilikuwa naona kwetu."

"Unaona nini sasa?"

Orpa alitoa kitambaa, akafunika jicho la kulia. Alitafuta njia ya viazi. Alitafuta mteremko, kivuli, jiwe lolote. Kulikuwa na weupe tu, bapa, karibu sana, kama mtu amesimamisha shuka mbele ya uso wake.

"Ni nyeupe," alisema.

"Twende Mbarara."

"Kesho."

"Nimesema twende."

Gunia waliliacha hapo hapo kwa mnunuzi alichome. Wakaenda.

Kyarisiima alimtambua mlangoni. Hakumpigia kelele. Aliichukua ile chupa, akaona utepe, akaiweka mezani taratibu sana, na adabu hiyo ilimuumiza Orpa kuliko mapigo. Daktari aliangaza, akaangaza tena, akasema kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

"Nasema hivi," Kyarisiima alianza. "Ukungu imekula. Nakaribia kutoboa. Kama dawa nafanya kazi, jicho nabaki, lakini alama nabaki pia, kama kovu. Wewe naona kidogo, kona kona. Kama dawa hapana fanya kazi, jicho natoka. Nang'olewa. Sasa hapana mambo ya kuku, hapana mambo ya mahindi. Nalala hapa. Nyabo, nisamehe nauliza. Kwa nini hapana weka?"

Orpa alimweleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma, akianza na viazi, na Anatole, na namna ya kuitana njiani. Pascasie aliangalia dari. Muuguzi alisikiliza akiwa amekunja mikono, na alipoelewa aliikunjua.

"Ngoja. Wewe nasikia ukungu, ile naziba barabara asubuhi?"

"Ile ya mulima. Kuko ingine?"

"Sisi kambi, unga nalala stoo mvua nakuja, naota ukungu. Viatu ya baba naota ukungu. Hiyo tu mimi najua." Alifikiri. "Nyinyi nasema aje?"

"Kuvu."

"Kuvu," Kyarisiima alirudia, mara kadhaa, akionja. "Basi mimi namwambia Mukongomani kuvu. Kuvu ya mahindi, naua jicho."

"Ungeniambia kuvu, ningeimwaga yote siku moja."

"Hapana yote. Moja moja." Na alikuwa ameshika chupa mpya tayari, ameikata utepe. "Lala. Angalia juu."

Orpa alilala. Kitanda kilikuwa karibu na dirisha, na mwanga wa mchana uliingia ukamchoma jicho mpaka kwenye kisogo. Kivuli cha mkono wa muuguzi kilikuja juu yake.

"Ngoja kidogo, binti," alisema.

Mkono ulisimama.

Alifumba jicho la kulia, akaingia. Alikuwa amejua tangu sokoni kile ni nini. Lakini kujua ni jambo moja, na mtu humzika ndugu yake hata kama alikuwa mlevi. Alitembea katika weupe ule kwa miguu ya kumbukumbu. Hapa pangekuwa na mteremko. Hapa kijito, hapa jiwe ambalo Anatole alikuwa akisugulia jembe. Aliyapanga mwenyewe, moja moja, kama mtu anayerudisha vyombo kwenye nyumba iliyoibwa. Yalikaa kidogo, yakafifia. Alinyoosha mikono ya ndotoni mbele yake, akangojea kile kitu cha kwanza ambacho ukungu wa kwao humpa mtu kabla hajaona chochote: ile baridi, inayoshika vidole na kuingia kwenye mikono ya blauzi, inayokufanya ukimbilie moto na kucheka.

Haikuwepo. Aliitafuta kwa subira. Palikuwa na joto humo ndani, joto la gunia lililofungwa.

Je, iliwahi kuwepo, siku zile za kwanza? Alijaribu kukumbuka. Aliyakumbuka yote aliyoyaona, mianzi, njia, udongo mweusi, wala hakukumbuka hata mara moja kwamba alitetemeka.

Alifumbua jicho la kulia. Kyarisiima alikuwa bado amesimama, mkono juu, chupa imeinama, na jasho limemkaa kwenye mdomo wa juu. Hakuwa ameharakisha. Orpa aliinua vidole vyake mwenyewe, akavuta kope la juu, akavuta la chini, akalishikilia jicho wazi kwa nguvu zake zote.

"Tia," alisema.

Tone lilianguka. Liliwaka kuliko mubirizi.

Ikawa hivyo kila saa, mchana na usiku, wauguzi wakibadilishana, Orpa akivuta kope mwenyewe kila mara na kukataa kusaidiwa. Pascasie alibaki naye. Alipikia wagonjwa wa chumba kizima kwenye jiko la wauguzaji huko nyuma, akawagombeza kwa Kirundi wasichokijua, nao wakamtii. Siku nyingi hakuna kilichobadilika. Daktari alikuwa akija, akiangaza, akiondoka bila kusema, na Orpa alijifunza kusoma mabega yake. Alimtumia Nestor sauti fupi: jicho linauma, kuvu imeingia, waanike maharagwe juu ya uchaga, wasiyafungie mabichi, na watoto walale ndani ya chandarua hata wakilalamika joto. Kuhusu milima aliyoiona hakumwambia neno.

Aliomboleza, lakini kwa siri, kama mtu anayemlilia rafiki ambaye ndugu hawakumpenda. Kuna asubuhi aliamka akageuza kichwa kushoto kwa mazoea, akakuta weupe umechakaa, umekuwa mchafu mchafu kwenye kingo kama shuka la hospitali, akakaa nao mpaka muuguzi akaja na chupa.

Mabega ya daktari yalipolegea, hakuhitaji kutafsiriwa. Kyarisiima alitafsiri hata hivyo, kwa sababu alitaka kulisema yeye: jicho halitatoka. Litakuwa na kovu katikati, hataweza kusoma nalo wala kutunga uzi kwenye sindano.

"Hata zamani uzi ilikuwa inanishinda," Orpa alisema.

Adhuhuri moja walimruhusu kukaa barazani, amevaa lineti nyeusi, miwani ya kuazima iliyomfanya aonekane mwanajeshi mstaafu. Upepo mkavu ulikuwa ukipita, unabeba vumbi la mjini, na alikuwa ameugeuzia mgongo. Ndipo upande wa kushoto, pembeni kabisa, nje ya kovu, kitu kikasogea. Aliinua lineti. Hakikuwa na umbo. Kilikuwa na rangi.

"Mama Élyse."

"Nini tena."

"Ku kushoto kuko kitu nyekundu. Inatikisika."

Huko kwenye waya Pascasie aliacha kuanika nguo. Aliposema, sauti yake ya kengele ilikuwa imepungua nusu. "Unaiona kwa lile jicho?"

"Kwa lile. Ni nini?"

"Ni gagulo langu, Orpa. Geuza uso, kuna wanaume hapa."

Orpa hakuugeuza. Ile nyekundu ilijaa upepo, ikalegea, ikajaa tena.